Harufu ya Mtungi wa Mama

Kibokoni, Mombasa

Dada yangu Khairiya,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Taib, na mtoto awe ameshapona kikohozi. Sisi hapa tuko salama, alhamdulillahi, ila nyumba imepoa tangu tumzike mama. Hata paka wa jikoni amehamia kwa jirani.

Uliniuliza masomo ya ufinyanzi yanaendaje. Yananichosha, dada. Kufinyanga si tabu. Tabu ni kupata fikra. Mwalimu Nanjala hataki kuona chombo kabla hujamwonyesha ulivyokitafuta. Nilimpelekea michoro ya milango ya mtaani kwetu, akasema kila mwanafunzi wa Mombasa humletea milango. Nikampelekea vikombe vya kahawa, akaniuliza kama mimi mwenyewe hunywa kahawa. Sinywi. Shangazi Tumu naye, akiniona na udongo kwenye kucha, huniuliza kama kazi za wanaume zimekwisha mjini hata nikawafinyangie wake zao vyungu.

Ndipo nikaufikiria mtungi wa mama. Unakumbuka alivyokuwa akiufukiza kwa ubani kila Ijumaa, ameupindua juu ya chetezo, kisha akaifuta kata kwa ncha ya leso yake? Maji ya mtungi ule yaliendelea kunukia hata baada ya yeye kuondoka. Nikafinyanga mitungi midogo, nikaifukiza vilevile, nikawapa wenzangu maji yake. Siku ya pili harufu imekwisha yote. Maxwell, ninayekaa naye darasani, alisema maji yangu yana ladha ya maji. Nikabadilisha udongo, nikapunguza moto wa tanuri, nikarudia na kurudia, hamna kitu. Mwishowe nikaandika kwamba udongo uliofukizwa miaka mingi hushika harufu hata kama mkono ulioufukiza haupo tena. Kwa mara ya kwanza Mwalimu Nanjala akatabasamu. Akanipa nafasi kwenye maonyesho ya wanaomaliza mwaka huu, akaniambia nilete mtungi wenyewe.

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika chuoni, tanuri likapoa na kazi zetu zimo ndani. Nikarudi nyumbani asubuhi ile ile, nimejaa hasira. Nikamkuta baba uani, ameupindua mtungi juu ya chetezo, leso ya mama iko begani, anakohoa na macho yanamtoka machozi kwa moshi. Alishtuka kama mtu aliyefumaniwa. Akanieleza kuwa hufanya hivyo kila Ijumaa nikiwa chuoni. Hajui mama alikuwa akiuacha kwa muda gani, basi yeye husoma Yasini mara moja, akimaliza huuinua. Akaniomba nisikwambie wewe, maana utamcheka.

Kumbe udongo haukushika chochote. Kazi yangu yote niliijenga juu ya moshi wa baba.

Jumatatu nilimwambia mwalimu kuwa nimekosea. Akaniuliza harufu ile basi ilitoka wapi, nikamwambia hilo siwezi kulisema. Akasema bila jibu hawezi kuniweka kwenye maonyesho, na nisipoonyesha kazi nitarudia mwaka. Maxwell, niliyemweleza, ananiona mpumbavu. Anasema fikra ndiyo hiyo, nimpige baba picha na chetezo chake, niibandike kando ya mtungi, nipite. Labda asemalo ni kweli. Lakini baba alijificha hata kwangu, Khairiya. Siwezi kumtoa nje watu wamzunguke na kumsoma. Nimeshamjulisha mwalimu kwamba nitarudia mwaka. Baba bado sijamwambia.

Nikuambie na hili, ambalo sijamwambia mtu. Kinachoniuma si maonyesho. Miezi yote hii, kila nilipoteka maji kwa kata, niliamini nakunywa yaliyobaki ya mama. Nilikuwa nayanywa kidogo kidogo yasije yakaisha. Sasa najua ni ya baba, na bado nayanywa, naye kila jioni huniuliza kama yananukia kama ya mama. Namjibu ndiyo. Kweli yananuka moshi, maana ubani aliouziwa sokoni Marikiti ni mbaya na hajui kuuchagua.

Kwa hiyo nakuomba, ukipata ubani mzuri huko Malindi, nitumie mimi, usimtumie yeye. Nitauchanganya na wake kwenye kopo lake la ubani asipokuwepo. Na ukimpigia simu, dada, usicheke.

Msalimie shemeji, na mtoto umbusu kwa niaba yangu. Mungu atuwekee baba, na amrehemu mama.

Nduguyo,
Faiz