Kura ya Baba na Toroli la Akhere

Eguare,
Jumatano, 14 Oktoba 2020

Kaka yangu mpendwa Ehimen,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na shemeji yangu na watoto. Natumaini baridi ya huko Turin haijawabana vifua, na kwamba kiwandani wamekurudishia zamu zako zote. Sisi huku tunapumua. Mgongo wangu ndio unaolalamika, lakini mgongo wa mshonaji haujawahi kuwa na habari nyingine.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie usiku huu. Kwenye simu huwa unanikatiza, nami nikikatizwa hunyamaza, na jambo hili nimelinyamazia vya kutosha. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo upige.

Matayarisho ya kumzika Baba Jumamosi yanakwenda. Jeneza limefika na turubai nimekodi. Serikali inaruhusu watu ishirini tu mazikoni, nasi tuko thelathini na nane hata kabla ya majirani. Nimepokea agizo lako kwamba mdogo wetu Akhere asikanyage uani siku hiyo, wala asisimame mahali pako kama mtoto wa kiume, kwa sababu ndiye aliyemtoa Baba nyumbani siku ya uchaguzi. Wazee wamelikubali, maana wewe ni mwana wa kwanza na neno lako ndilo neno. Shangazi amempelekea habari mlangoni kwake, na kumwongezea matusi ambayo hukuyaagiza.

Kabla sijafika huko, niache niseme ninavyouona uchaguzi wenyewe, maana wewe umenihutubia juu yake tangu Juni. Tulifungiwa shule miezi sita. Kanisani tuliketi mtu mmoja benchi zima. Binti wa jirani aliolewa mbele ya watu kumi na wawili na mpiga picha akahesabiwa. Lakini wagombea ugavana walipokuja, uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya paa la soko, wanaimba, jasho la huyu kwa yule. Nilimwambia Mwenyekiti Okosun wa chama chetu kwamba korona yetu imesoma, inajua kutofautisha harusi na kampeni. Akacheka, akaniambia, "Ofure, wewe mdomo wako una sindano." Kisha akaniagiza barakoa elfu mbili.

Usinikasirikie kwa hilo. Nilikuwa na cherehani sita zimekaa kimya. Sare za shule ndizo zilizojenga hiki chumba unachokiona kwenye picha, na shule zilipofungwa niliwarudisha wasichana wangu wote kwao. Hukuniletea uzi hata mmoja nilipoanza, wala sikukuomba. Okosun alinihakikishia kwamba shule zikifunguliwa, sare za shule tano za hapa zitakuwa zangu, watoto elfu moja na mia nne, mradi kituo chetu cha kura kisimpotee gavana. Nikakubali. Nilikijua kituo hicho nyumba kwa nyumba: waandikishwa mia nne sitini, na mia moja na hamsini nilikuwa na hakika nao kama ninavyojua vipimo vyao vya kiuno.

Kosa likaanzia kwenye barakoa. Nilimshauri Okosun azitake bila maandishi. Akasema barakoa isiyo na alama ya chama ni zawadi ya bure kwa adui. Basi nikazichapa alama mbele. Asubuhi ya kura, msimamizi wa kituo, binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alisimama kwenye kamba na kutangaza kwamba asiye na barakoa hapigi kura, na mwenye barakoa ya chama hapigi pia. Watu wetu wakazigeuza ndani nje. Rangi ilikuwa imepenya upande wa pili. Mzee mmoja alinigeukia mbele ya kadamnasi akaniuliza kama nimelipwa na wapinzani.

Mkobani nilikuwa na barakoa tisa tupu. Nikazigawa. Aliyemaliza kupiga kura aliivua pale kambani, akampa anayefuata, naye akaivaa hapo hapo akaingia. Hakuna aliyeona ajabu. Kina mama walitaniana, mmoja akamwambia mwenzake, "Dada, ulikula akara ya kunde leo, nimeionja." Tukacheka, nami nikacheka. Kufikia saa tano, barakoa tisa zilikuwa zimevaliwa na watu mia moja na zaidi. Nilihesabu, unanijua.

Saa hiyo hiyo nilihesabu pia kwamba watu wetu ishirini na sita wamekwenda zao kwa hasira. Kwa hesabu yangu tulikuwa nyuma kwa kura sita hivi. Nikaanza kupita mtaa kichwani, nani hajaja, nani anaweza kuletwa.

Kaka, hapa ndipo nakuomba usiweke simu chini.

Nilipokupigia kukupa habari za ugonjwa wa Baba, uliniuliza nani alimtoa. Nikakwambia Akhere alimleta. Hilo si uongo, maana mji mzima ulimwona. Ila sikukwambia nani alimtuma. Ni mimi. Nilimpigia simu nikamwambia akamlete Baba upesi, asitumie pikipiki maana siku ya kura polisi wanazikamata, atumie toroli lake la matofali. Akhere akasita. Akaniuliza, "Dada Ofure, si Kaka Ehi amekataza Baba asitoke hata mlangoni?" Nikamjibu kwamba Kaka Ehi yuko Turin, na mimi ndiye niliye hapa.

Akamleta. Alimtandikia mto ndani ya toroli, Baba kavaa nguo zake nyeupe na ile kofia ya chama aliyopewa na Okosun. Vijana wakashangilia njia nzima. Mama mmoja muuza samaki wakavu akamuuliza Akhere kilo ya mzigo ule anauzaje, na Baba akamjibu mwenyewe, "Hunimudu bei, mama, pita!" Sijamwona na furaha namna ile tangu Mama afariki.

Zile barakoa nzuri ulizomtumia zilibaki nyumbani kabatini. Akhere hakuzijua, nami katika haraka sikumwambia. Kutoka kituoni mpaka nyumbani ni dakika kumi na mbili. Ningeweza kwenda. Badala yake nikamgeukia mtu wa kwanza aliyetoka ndani, Bwana Ikhide fundi redio, nikanyoosha mkono. Ikhide alikuwa akikohoa tangu Alhamisi. Nilijua, kwa sababu kibanda chake kinatazamana na changu. Barakoa ilikuwa bado na joto la pumzi yake. Nikamfunga Baba mimi mwenyewe, nikamkazia kamba nyuma ya masikio. Akaniambia, "Asante, mwanangu."

Ya siku zilizofuata unayajua. Siku ya tano homa, siku ya tisa hospitali, Jumapili ile asubuhi wakaniita. Ikhide alipona, yuko kibandani kwake, kila asubuhi ananisalimu.

Na kura? Wakati wa kurudi nilitembea kando ya toroli. Nilimshukuru Baba kwa kukiokoa kituo chetu. Akacheka mpaka toroli likayumba. Akaniambia hajawahi hata siku moja kumpigia kura aliye kitini, yeyote awe, wala hataanza uzeeni. Nikamuuliza, na kofia je? Akasema kofia aliivaa kwa ajili ya jua. "Sasa kura yako na yangu zimefutana," akaniambia. "Tungebaki nyumbani wote wawili tukala viazi vikuu vyetu." Akhere alicheka kuliko wote.

Tulishinda kituo kwa kura tatu. Bila Baba tungeshinda kwa nne.

Gavana amerudi kitini, na Okosun, nisimsingizie, ametimiza ahadi. Vitambaa vimeletwa Jumatatu. Marobota yamejaa sebuleni mpaka dirishani, na wasichana wangu wamerudi. Siwezi kusema nitavirudisha, maana sitavirudisha. Tunahitaji kula, na hata Jumamosi inalipwa na vitambaa hivyo. Naandika hili ulijue nalo, usije ukasikia kwa mwingine ukadhani nilikuficha.

Akhere hajanitaja kwa mtu yeyote. Shangazi alipomtukana mlangoni alisema tu, "Nimesikia, Mama." Leo alfajiri alikuja na jembe. Aliniuliza kama, kwa kuwa agizo lako ni la Jumamosi, anaruhusiwa kuchimba kaburi leo na kuondoka kabla watu hawajaamka. Nikamwambia anaruhusiwa. Nilisimama mlangoni nikimtazama mpaka akazama kiunoni. Akainua kichwa akaniuliza kama kina kinatosha, nami nikaingia ndani kutafuta karatasi.

Kwa hiyo nakuomba ulifute agizo lako. Ijumaa jioni, wazee wakikaa, nitasimama niyaseme haya yote mbele yao na mbele ya Shangazi, kwa mdomo wangu. Ukiona anayestahili kufungiwa nje Jumamosi ni mimi, sema, nitakaa kwenye chumba cha cherehani na sitabishana. Lakini mahali pako asimame Akhere.

Nisalimie sana shemeji, na wale wanangu wawili waambie shangazi yao hajasahau magauni. Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi kwanza. Mpigie yeye. Namba yake ni ile ile, na nimemwambia asizime simu usiku huu, bila kumwambia kwa nini.

Ni mimi dada yako,
Ofure