Bosi Amekufa, na Mama Mkwe Anarudi Jumamosi

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo mama mkwe wangu anarudi na mimi sijui nitamtazamaje usoni, na ukicheka utakaposikia kwamba jambo lenyewe ni la mijusi sitakulaumu, hata mimi mwanzoni nilicheka.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mume wangu anaendesha gari la kusambaza mikate. Marehemu baba mkwe alikuwa fundi wa vioo, mtu wa maneno machache, na alipostaafu alijitengenezea tangi la vioo refu kama meza yangu ya kukatia nguo, akalifunika kwa wavu wa waya, akamwaga mchanga, akapanga mawe bapa na kipande cha gogo, akafunga balbu upande mmoja, kisha akafuga humo mijusi wawili wa kahawia wenye miiba shingoni. Mmoja alikuwa anakaa juu ya jiwe akitutazama kama watu tuliochelewa kazini, huyo akamwita Bosi, na mwenzake aliyependa kujificha chini ya gogo akamwita Karani. Baba alipofariki, mama mkwe alihamia kwetu na mabegi yake na hilo tangi, likawekwa kwenye chumba changu cha kazi kwa sababu ndiko kulikokuwa na soketi ya ziada.

Sasa mimi, mshauri, mjusi wa ukutani akidondoka natoka nje mbio na pini mdomoni. Na mama mkwe tuliishi kwa adabu tu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, chakula tayari mama, ahsante, basi, kila mtu na shughuli zake.

Halafu wifi yangu akajifungua mapacha huko anakoishi na mama akaitwa kwenda kumsaidia. Kabla hajaondoka alinisimamisha mbele ya tangi.

"Usiwaonee huruma ukawajaza," akasema. "Mdudu asizidi nafasi iliyopo kati ya jicho na jicho la mjusi. Akiwa mkubwa atamkaba."

"Mama, kweli ndiyo mimi wa kuwalisha?"

"Nimwachie nani, mwanangu? Mumeo anasahau hata kula yeye mwenyewe."

Siku za mwanzo niliwatupia nyenje kwa koleo la mkaa nikiwa nimegeuza uso, na hawakula, nyenje wakawa wanatembea juu ya migongo yao na wao wametulia tu kama sanamu. Nikampigia mama. Akaniuliza, "Lile jiwe chini ya taa lina joto?" Nikapeleka mkono, mara yangu ya kwanza kuingiza mkono humo, nikakuta la baridi. Balbu ilikuwa imeungua. Akaniambia mjusi hana moto wake mwilini kama sisi, anauchukua nje, na akikosa joto tumbo linalala. Nikabadilisha balbu, na kabla ya mchana Bosi alimdaka nyenje, nikapiga kelele ya furaha na mteja niliyekuwa nampima kiuno akapiga kelele ya woga.

Tangu hapo tukawa tunapigiana simu kila alasiri. Namwambia leo Bosi kala wawili, wa tatu kamtema, Karani katoka chini ya gogo kanywa maji, naye ananiambia mambo ambayo sikuyajua tangu niolewe, kwamba mijusi hao walipoletwa alitishia kurudi kwao, na kwamba baada ya msiba alikuwa anakaa asubuhi mbele ya Bosi na hapo ndipo alipoweza kulia bila mtu kumwambia jikaze. Mshauri, mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Sikuwahi kuwa na mtu mzima wa kunipigia simu bila sababu.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mume wangu alipuliza dawa ya mende jikoni, na alipowaona mende wanapepesuka sakafuni akamwokota mmoja akampa Bosi. Alidhani ananisaidia, maana nilikuwa nimezidiwa na sare. Kesho yake Bosi alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, miguu ya nyuma imelegea. Nilimweka kwenye boksi la viatu nikakimbia naye kwa daktari wa mifugo, akaniambia, "Dada, mimi natibu ng'ombe na kuku, lakini huyu amekula sumu, na imeshafika mbali." Bosi akafia kwenye kiganja changu. Mimi ninayemkimbia mjusi wa ukutani nilisimama pale kwa daktari nalia kama nimefiwa na mtu.

Mume wangu naye aliumia, lakini anamwogopa mama yake kuliko askari wa barabarani. Siku iliyofuata alirudi na kopo la plastiki, ndani yake mjusi aliyemkamata kwenye ukuta wa yadi ya magari. "Mama macho yake siku hizi hayaoni vizuri," akasema, "na mjusi ni mjusi." Akamtia ndani. Yule mgeni anajigonga kwenye vioo kutwa, hali chochote, na Karani hajatoka chini ya gogo tangu siku hiyo. Alasiri mama akapiga. "Bosi anakula?" Nikajikuta nimesema, "Anakula, mama." Na kila alipopiga nimesema hivyo hivyo.

Mume wangu anasema nikimwambia mama nitakuwa nimemgombanisha na mzazi wake, tena mjane, na mshtuko unaweza kumlaza kitandani. Nami namwona mama akiingia na begi lake, anakwenda moja kwa moja kwenye tangi. Nimwambie, au ninyamaze nimwombe Mungu macho yake yazidi kufifia?

Ni mimi, Fundi wa Sare

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wangu, hilo ombi la mwisho lifute haraka kabla halijafika huko lilikotumwa!

Pole sana kwa Bosi. Nasema pole ya kweli, sikutanii. Lakini nilipomaliza kuisoma barua yako nilikasirika, na kwa kuwa gazeti linatoka Ijumaa na uliandika namba yako, sikungoja. Nilikupigia. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu wako wengine wanaowafichia wakwe zao mambo makubwa kuliko mjusi.

Mama huyu alikuwa anaambiwa nani kala nani katema, ghafla anapewa "anakula, mama" kama anaongea na mtu wa mapokezi. Unadhani hajaona? Macho yake yanaweza kufifia, masikio yake je? Na mshtuko gani huo unaousema? Mwanamke aliyemzika mumewe, leo anabeba mapacha usiku na mchana, mnamwita dhaifu ili ninyi wawili mpumue. Mnachokiogopa ni aibu yenu, mmeivisha nguo za huruma.

Na wewe dereva wa mikate, najua unasoma. Kosa la kwanza lilikuwa bahati mbaya, mtu yeyote angeweza kulifanya. La pili ulilikamata kwa mikono yako ukalibeba kwenye kopo. Umeoa mke anayelilia mjusi wa baba yako, halafu unamfundisha kumdanganya mama yako. Aibu!

Nilikuambia, fundi, piga simu leo, mama asije kulikuta jambo hili mlangoni akiwa na begi mkononi. Sema sehemu yako, kwamba amekufa na kwamba umekuwa ukimdanganya. Ile ya mende mwachie mumeo aiseme mwenyewe, kwa mdomo wake.

Ulipiga. Ukanisimulia kwamba mumeo alikaa kwenye kiti cha wateja ameinama, na ulipomaliza kusema, ulisikia mtoto analia huko kwa mbali na mama akimbembeleza. Kisha akauliza, "Ulimzika peke yako?"

Ukamwambia ndiyo, nyuma ya nyumba, umemfunga kwenye kipande cha kitambaa cha sare, na kwamba kilichomuua atakisema mumeo mwenyewe.

"Ningekuwepo nisingekuacha uzike peke yako," akasema. Halafu, "Huyo aliyefanya hivyo yuko hapo? Mpe simu."

Waliyoongea mama na mwanawe wayajue wenyewe.

Sasa yaliyobaki. Yule mjusi wa yadi ya magari arudishwe pale pale ukutani alipotolewa, leo, na aliyemkamata. Karani mhamishie kwenye beseni lenye wavu juu, lisiwekwe juani. Mwaga mchanga wote, osha vioo na mawe kwa maji ya moto na sabuni, suuza mpaka harufu iishe, anika, ndipo uweke mchanga mpya. Taa ibaki upande mmoja tu, ili apate pa kuota joto na pa kukimbilia baridi. Maji yawe kwenye kisahani kifupi. Nyenje uwanyunyizie unga wa maganda ya mayai uliosagwa laini, kwa ajili ya mifupa yake, na asiowala watoe, wasije wakamng'ata amelala. Mdudu yeyote wa ndani ya nyumba hiyo asiingie mdomoni mwake, hata akipita anatembea vizuri. Asipokula siku za mwanzo usimlazimishe, amepata misukosuko ya kutosha.

Na Jumamosi funga cherehani mapema. Nenda stendi ukampokee wewe mwenyewe, usitume mtu. Mumeo aje nyuma yenu, abebe mizigo.