Gome la Mjafari wa Baba

Mchafukoge,
Dar es Salaam

Kwa mdogo wangu mpenzi Abdulkadiri,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, pamoja na wifi yangu Sitara na watoto. Mimi sijambo, ila joto la huku halina adabu. Usishangae kuona nimeandika na simu ipo. Kwenye simu wewe husema "haya, dada" ukakata, na haya ya leo nataka uyasikie mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua: kuzungukia wauza miti shamba wa Kariakoo, kuuliza gome hili limetoka wapi, mzizi ule bado unapatikana au umeadimika, kisha kuotesha miche ya ile inayokwisha. Wameshanipa jina, Mama Maswali. Nikitokea tu, mazungumzo yanakoma. Wanadhani nimetumwa kuwafungia biashara. Jioni narudi chumbani, napika wali kidogo na bado unabaki. Majirani ni wema, lakini kila mtu na mlango wake. Upweke nilidhani ni maradhi ya wazee, kumbe.

Miche ya mjafari niliyoiotesha juu ya paa imekufa karibu yote. Nilipanga nije Mkuranga kuchukua mbegu kwenye mjafari wa baba, kwa kuwa siku ya Idi ulinihakikishia kwamba haujambo.

Anayenisemesha sokoni ni Shukuru peke yake, mama mmoja mwenye meza ya dawa. Juzi alinionyesha mzigo mpya wa magome ya mjafari. Nikaona mti umechunwa shina zima, nikasikitika, maana ukichunwa hivyo haupoi. Unakumbuka baba alivyokuwa akibandua ubavu mmoja tu, upana wa kiganja, akapaka udongo, akasubiri kidonda kifunge. Nikageuza gome moja. Miiba yake ilikuwa imekatwa zamani, vigutu vimebaki laini. Ni nani mwingine zaidi ya baba aliyeparua miiba ya mjafari kwa panga, hadi kimo cha watoto, ili wasichomwe wakicheza?

Nilimuuliza Shukuru nani kauleta mzigo ule. Akasema ni mwanamume mpole, pua kama yangu, aliyesema mti ni wa kwao na anasafisha kiwanja ajenge. Tena mwanamume huyo alimuuliza Shukuru kama anamfahamu Nasreen wa miti, anayekaa Mchafukoge. Shukuru akajibu anamfahamu sana, akataka kumleta kwangu. Yule mwanamume akasema basi, siku nyingine.

Abdulkadiri, mti umeniuma. Sikufichi, nililia mbele za watu. Lakini kiwanja ni chako, baba alikupa mwenyewe. Linaloninyima usingizi ni kwamba ulifika mitaa michache tu kutoka kwangu, ukageuka. Najua uliogopa nitakufokea. Ningekufokea, ndiyo, huku nakupakulia.

Nakuomba jambo moja. Kisiki usiking'oe wala usikichome moto. Mjafari huweza kuchipua mizizini, na mimi sina mwingine wa kutegemea. Kama ujenzi hauna budi, vuta msingi pembeni kidogo.

Nisalimie wote, wakubwa kwa wadogo. Nitakuja Ijumaa inshallah, nibishe hodi mlangoni kwako. Tafadhali, usinikimbie na huko.

Dada yako akupendaye,
Nasreen