Asumini ya Mlangoni kwa Mama

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko magugu. Natumaini mgongo umetulia, na shemeji bado anakoroma kwa afya. Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko wenzangu wa taarifa ya habari.

Kipindi changu cha bustani redioni kimetimiza miaka ishirini! Unakumbuka kilivyoanza: nilikuwa chini ya dirisha la studio nikipogoa ua, mtangazaji akakaukiwa na sauti, na mtayarishaji, mama mmoja mkali, akachungulia kuniuliza kama naweza kuzungumza dakika kumi. Niliingia na viatu vyangu vya shambani, nikazungumza arobaini. Zulia halikupona, nami nikapata jina la Bwana Matope. Tangu hapo nimepanga bustani za hospitali, za shule, na za waheshimiwa wasiojua tofauti ya ua na gugu. Mke wangu husema nasifiwa mji mzima, ilhali mchicha wa nyumbani umekufa. Mganga hajigangi, dada.

Sasa kaa kitako. Tulipokuwa tukirekodi kipindi cha maadhimisho, mwalimu mmoja mstaafu alipiga simu kuniuliza ni mmea gani wa kwanza kufa mikononi mwangu. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Ukatoka ukweli: asumini ya mama, ile ya mlangoni.

Mama alipolazwa, nilitaka arudi aikute imechanua. Nikairundikia samadi ya kuku, mbichi, ndoo nzima. Leo kila anayenisikiliza anajua samadi mbichi huunguza mizizi. Mimi wakati ule sikujua. Mama aliporudi akaikuta imekauka, nikamwambia ni wewe, dada, uliyeiua kwa maji yako ya kufulia yenye sabuni. Ulikana, hukuaminiwa, ukapigwa marufuku kugusa bustani. Wewe, uliyeweza kuotesha hata mpini wa ufagio! Ukaenda kwenye cherehani, nami nikapewa jembe lako. Nisamehe, dada. Sifa zote hizi zimeota juu ya uongo ule.

Mtayarishaji aliuliza kama tuikate sehemu hiyo. Nilimjibu kwamba mwenye neno ni dada yangu. Kipindi kitarushwa Jumamosi ijayo. Ukinipigia kabla ya Ijumaa kusema hutaki ya nyumbani yatoke nje, itakatwa. Usipopiga, nitajua ama umekasirika ama umesamehe. Kwako yote mawili huanza kwa kununa.

Dereva aliyekuletea barua hii ana kopo lenye mche wa asumini niliouotesha mwenyewe. Mama hayupo tena wa kuondoa marufuku yake, basi naiondoa mimi niliyeisababisha. Uupande mlangoni kwako. Samadi iwe imeoza vizuri, na kiganja kimoja tu kinatosha. Lakini nani mimi wa kukufundisha?

Wasalimie wanao wote, na shemeji umgeuze alale ubavu.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana Matope