Nani Alifungua Lango la Ormelandi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Sanduku limefika! Wabebaji wawili wamelipandisha ngazi huku wakilaani kwa Kireno. Mbao nyeusi, pembe za chuma, harufu ya panya na mishumaa. Bosi wangu, Bi Fareen, akalizunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha Nairobi ya zamani: hili lako, Nkatha, usimwachie mtu.

Nimwachie nani? Ofisi nzima ya kuhifadhi nyaraka tuko wawili! Tangu Aprili kazi yangu ni kuskani picha za harusi na vyeti vya ubatizo vya Wataliano wa Toronto. Leo nimepewa makabaila. Ukoo wa Ormelandi, karatasi za miaka mia sita, na jumba lao, Villa Ormelandi. Nilidhani villa kama zile za Malindi — bwawa la kuogelea, maua ukutani, mlinzi amesinzia. Wapi! Hii ni ngome. Minara minne, handaki kuzunguka, kuta za mita tatu. Villa ni jina tu.

Mwenyewe alikuja nalo. Signora Fiorenza Ormelandi, miaka themanini na minane, koti la sufi hadi kwenye vifundo, anaishi peke yake mtaa wa St. Clair. Akaniuliza Kitaliano nimekitoa wapi. Nikamwambia Malindi, baba alikuwa mpishi kwenye hoteli ya Mtaliano, nimekulia jikoni. Akasema ndiyo maana naongea kama mchuuzi wa samaki. Nimempenda hapo hapo.

Ana haja moja. Mjukuu wake, Livia, anaolewa tarehe 25 mwezi huu. Bwana harusi anaitwa Dario Chiaveri. Na Chiaveri mmoja, Signora anasema, ndiye aliyeisaliti ngome. Mwaka 1529! Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nimtafutie karatasi inayomtaja msaliti, Livia aisome kabla hajavaa gauni.

Fomu ya kutukabidhi sanduku hajaitia sahihi. Ataitia tarehe 31, akiridhika na kazi. Bi Fareen alitabasamu mpaka Signora akapanda teksi, kisha akakaa chini.

Jumatano, 8 Oktoba

Sijala mchana. Nimesahau kula, mimi!

Nilikuwa mwaka 1391. Guidone Ormelandi anajenga. Anaogopa majirani, anaogopa wezi wa ng'ombe, anaogopa askari wa kukodiwa wanaopita kila kiangazi. Ukuta wa kwanza hauna dirisha hata moja. Juu ya lango kuna matundu ya kumwagia watu maji ya moto. Ndani: kisima, tanuri, zizi, kanisa dogo. Maana ukifungiwa humo miezi mitatu lazima uoke, unywe na usali.

Halafu nina ramani ya 1604 — wino wa kahawia, safi kama wa jana — na hapo ukuta una madirisha kumi na moja. Nikazitafuta barua za kila dirisha. Kila mjukuu katoboa lake! Mmoja alitaka kuona mizabibu. Mwingine mkewe alikuwa akikohoa, daktari akaagiza hewa. Hofu inapungua, ukuta unatobolewa. Mwisho kuna baraza yenye nguzo na dari lililochorwa ndege.

Ila upande wa kaskazini hakuna dirisha. Hata moja. Upande huo ndiko kulikokuwa na mlango mdogo, na mlango huo umezibwa kwa mawe.

Nimemsimulia Benedicta, ninayeishi naye, yote haya nilipofika nyumbani Rexdale. Ametoka zamu ya hospitali, miguu ndani ya beseni. Akasema: yaani maiti za Wataliano ndizo zinakufanya usile ugali wangu? Lakini akauliza, na huo mlango ulizibwa kwa nini?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Signora kuchukua maelezo yake kwa sauti. Kahawa chungu, biskuti ngumu. Anasimulia kama mtu aliyekuwepo.

Wakati ule ngome ilikuwa ya Konte Aldobrando, kabaila wa eneo lile. Ndugu yake mdogo, Lodovico, aliishi humo na mkewe Isotta. Askari wa kukodiwa wakaizingira wiki tatu. Njaa, paka wameliwa. Usiku wa Mtakatifu Lucia bawabu, Nardo Chiaveri, akala rushwa na kuufungua mlango mdogo. Aldobrando akauawa kitandani. Lodovico akapona, akarithi, akamnyonga Nardo langoni. Ukoo wa Chiaveri ukafukuzwa ng'ambo ya mto.

Tangu hapo hakuna Ormelandi aliyempa mkono Chiaveri. Si kijijini, si melini mwaka 1956, si hapa Toronto, ambako baba yake Signora — konte! — alipanga vigae kwenye vyoo vya watu, na akina Chiaveri walipanga vigae mitaa miwili kutoka kwao.

Nikamwuliza, na huyo Dario yukoje? Akasema hajui, hajawahi kumtazama.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu ya shukrani. Ofisi imefungwa. Bata mzinga kanisani, mkavu. Nataka Jumanne, nirudi sandukuni.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepata! Nimepata, nimepata!

Si nilichotumwa.

Kulikuwa na furushi limeandikwa "Kesi ya mfereji wa maji, 1740". Karatasi mia mbili na kitu za watu kugombea mfereji. Nimelikwepa wiki nzima, nani ana hamu? Leo nikasema nilimalize. Karatasi ya mia na kumi — mwandiko si wa 1740. Mwembamba, umeinama, wa zamani zaidi. Sahihi chini: Isotta. Isotta mke wa Lodovico! Anamwandikia dada yake mtawa. Nadhani watawa walizirudisha barua baada ya huyo dada kufa, maana kuna muhuri wa nyumba ya watawa pembeni.

Nimeisoma kwa lenzi saa tatu mfululizo. Ninakili hapa kwa maneno yangu ili niamini:

"Dada yangu, hii ichome. Ufunguo wa mlango mdogo haukuwa kwa Nardo. Ulikuwa shingoni mwa mume wangu, na nilimwona akiuvua. Alishuka ngazi ya kisima bila taa. Walikuwa wamepatana: wao wamwue Aldobrando, yeye abaki na nyumba. Nardo alimkuta mlangoni akamshika mkono, akimsihi. Kulipokucha walimnyonga Nardo kabla padri hajaamka, asije akaungama. Mlango nimeomba uzibwe. Mume wangu amekubali bila kuniuliza sababu."

Nilitoka nje bila koti. Nikasimama penye kituo cha basi, nikarudi. Bawabu hakufungua! Alikuwa akizuia! Miaka karibu mia tano watoto wake wanatemewa mate kwa kosa la mtu aliyemnyonga!

Kuna jambo lingine. Nyuma ya karatasi pana penseli. Mwandiko naujua, ndio ulioandika vitambulisho vya mafurushi yote: wa baba yake Signora. Kaandika: "Nimesoma. Wasichana wasijue. Machi 1962."

Kumbe baba alijua. Akaificha ndani ya kesi ya mfereji, ambako hata panya hawangeingia.

Wasichana? Signora hajawahi kunitajia dada.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimemwonyesha Bi Fareen. Alivua miwani, akaivaa, akasoma tafsiri yangu mara mbili. Akasema: mama wee.

Kisha akafunga mlango. Tusiseme sasa, anasema. Tungoje tarehe 31, atie sahihi, sanduku liwe salama, halafu tumwambie kwa utaratibu. Akikasirika leo atalichukua lote. Ramani, barua, kila kitu kitakwenda kuozea chini ya nyumba ya mtu.

Nikasema, Bi Fareen, harusi ni tarehe 25.

Akasema anajua.

Nikasema, alitutuma tutafute. Tumepata.

Akasema yeye ameona makusanyo matatu yakitupwa kwenye pipa la taka kwa sababu ya hasira za warithi. Si mtu mbaya, Bi Fareen. Ana sababu. Ndiyo maana nimeudhika zaidi!

Jumanne, 21 Oktoba

Livia amekuja ofisini. Msichana mrefu, kucha fupi, mwalimu wa kemia. Alileta tembe za bibi yake zilizosahauliwa kwenye mfuko wa koti. Alidhani Signora yuko kwetu. Hakuwepo. Akatazama sanduku akacheka kidogo. Kiingereza chake kinakwenda mbio. Akasema bibi yake amekataa katakata kuja, na kwamba amelelewa na huyo bibi tangu ana miaka sita. Atamwekea kiti hata hivyo, mstari wa mbele.

Halafu akaniuliza: umepata chochote kuhusu familia ya Dario?

Bi Fareen alikuwa nyuma yangu. Niliisikia kalamu yake ikisimama.

Nikasema bado nasoma.

Bado nasoma! Uongo wa rangi gani huo? Akanishukuru akaondoka. Sikuweza kufanya kazi. Nikaenda kwa Bi Fareen nikamwambia, kesho kutwa nakwenda kwa Signora na karatasi ile. Ukinifuta kazi, nifute. Sijawahi kumjibu bosi namna hiyo.

Akafungua kabati, akatoa bahasha nzuri ya kuhifadhia, ile isiyo na asidi. Akasema: usiibebe barua ya asili kwenye mfuko wa Walmart.

Alhamisi, 23 Oktoba

Naandika jikoni kwa Signora. Lazima niandike sasa hivi, nitasahau mpangilio.

Nilifika saa nne asubuhi. Nilikuwa nimechapa barua kwa herufi kubwa, Kitaliano cha leo, aweze kusoma bila lenzi. Nikamwambia: Signora, nimepata karatasi inayomtaja Nardo. Macho yakang'aa. Brava, akasema, lete! Nikamwambia haitakupendeza. Akasema ukweli haunitishi mimi.

Akasoma. Midomo inatembea. Alipofika katikati akarudi juu, akaanza upya. Kisha akasema ni ya uongo, mtu kaitengeneza. Nikamtolea ya asili. Akauona muhuri. Akasema Isotta alikuwa mwendawazimu, inajulikana. Akasema mimi nimelipwa na akina Chiaveri! Aligonga meza, biskuti zikaruka. Akaniambia nitoke na sanduku lake lirudi leo leo.

Nikasimama. Nikavaa koti. Nikasema, Signora, nakwenda, lakini nyuma yake kuna mwandiko mwingine, na huo ni wako kuliko wangu.

Akaigeuza.

Hakupiga kelele tena. Aliigusa penseli kwa ncha ya kidole. Akaniuliza ni Machi kweli, au Mei? Nikasema Machi. Akaniuliza tena. Machi, Signora.

Ndipo akaniambia. Alikuwa na mdogo wake, Ginevra. Juni 1962 Ginevra aliolewa na Chiaveri, fundi wa vigae. Baba akafunga mlango, akasema binti huyo amekufa, na Fiorenza akamtii baba. Hakwenda harusini. Ginevra alikuja mara moja na keki, akasimama kwenye ngazi. Fiorenza alimtazama kupitia pazia mpaka akaondoka. Wakahamia Hamilton. Hawakujaliwa mtoto. Alikufa 2009, Signora alisoma gazetini.

Machi, akasema. Machi alikuwa anajua. Juni akaniambia nisifungue.

Nikamwita Nonna, yaani bibi, ulimi uliteleza. Hakunikemea. Nikamwekea maji.

Kisha akaomba simu. Nikampigia mimi. Livia akapokea kwa mlio wa kwanza. Nonna? Nonna, uko salama? Signora akasema yuko salama. Akauliza huyo kijana yupo hapo? Yupo, wanapanga viti ukumbini. Mpe simu, akasema.

Nimekuja jikoni kuwaachia nafasi, lakini hakuna mlango, na ameweka sauti ya juu kwa kuwa hasikii vizuri. Nasikia kila kitu. Kijana amesema buongiorno, signora, kwa woga. Yeye hakujibu salamu. Amesema: nina barua hapa, inamhusu mtu wenu, nitakusomea, usinikatize.

Anasoma! Karatasi yangu yenye herufi kubwa. Sauti imenyooka kama ya kanisani. "Dada yangu, hii ichome." Upande wa pili viti vimeacha kukokotwa. "Ufunguo wa mlango mdogo haukuwa kwa Nardo."

Amekomea hapo.

Nachungulia. Kidole chake kiko mstari unaofuata, pale penye "mume wangu", pale penye Lodovico, babu wa mababu zake. Ananyanyua kichwa kunitazama. Naitikia kwa kichwa: endelea. Signora amelamba midomo. Anavuta pumzi, kidole kinasogea: "Ulikuwa shingoni mwa mume wangu —"