Hipofizi Yangu

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala. Uvira nzima iko inatoka jasho, miye navaa sweta darasani. Wanafunzi wanachekelea. Wacheke.

Upendo ana mwaka mmoja na miezi nane. Tangu nimuzae sijaona siku zangu hata mara moja. Maziwa pia hayakutoka, hata tone. Mama mukwe, Mama Ernestine, bado anawaambia majirani kwamba nilikataa kunyonyesha ili matiti yasianguke.

Alhamisi, 10 Oktoba

Biolojia, somo la hipofizi. Tezi ndogo kama punje ya haragi, chini ya ubongo. Nimechora seli moja kubwa ubaoni. Ishara inatoka ubongoni, inashika récepteur, kipokezi kwenye ukuta wa seli. Ndani, AMP cyclique, mjumbe wa seli, inapanda, kalsiamu inaingia, vifuko vinafunguka, homoni inamwagika kwenye damu. Kwa homoni ya maziwa, dopamini inazuia. Mtoto akinyonya, kizuizi kinalegea.

Raïssa wa benchi ya mbele akauliza: na kama ishara ziko zinafika, lakini seli zimekufa? Basi hakuna homoni, nikasema. Ni nini inaziua? akauliza tena. Nikafungua kitabu niwasomee. Mama akipoteza damu nyingi wakati wa kuzaa. Anakosa maziwa, anakosa siku zake, anachoka, anasikia baridi —

Nikaacha kusoma. Mbele ya watoto arobaini! Nikaketi. Nikasema ni joto. Na sweta mwilini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeenda kwa Docteur Marcellin. "Ulipozaa, ulitoka damu mingi?" Mingi. Walinitia mifuko mitatu. "Na maziwa?" Hapana. Kalamu yake ikasimama. Akauliza kama kuna muntu aliyewahi kuniuliza hivyo. Hakuna. Mpaka leo nilipewa tu dawa za anemi, dawa za minyoo, maombi.

Damu yangu inapelekwa Bujumbura ndani ya glacière, sanduku la barafu.

Bwana yangu Placide sijamwambia. Anarudi kutoka bandarini Kalundu na vumbi ya saruji kwenye nyusi, anakula, analala. Siku hizi hata hanitazami.

Jumatano, 16 Oktoba

Kikao cha familia ni Jumapili. Mama Ernestine anataka nirudishwe kwetu Lubarika. Mtoto abaki.

Sikulia. Kulia nako ni kazi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Matokeo. Kotisoli, homoni ya kupa mwili nguvu, chini kabisa. Homoni ya maziwa karibu sifuri. Ni hipofizi — ilikosa damu siku ile nilipozaa.

Docteur anasema dawa ya hydrocortisone kwanza, kila siku, maisha yote. Dawa ya tiroidi itafuata. Homa ikinishika, nimeze kipimo mara mbili. Nikitapika, nikimbie hospitali, nisingoje hata saa moja. Nikauliza kama nitazaa tena. Akatazama dirishani. "Tuanze na weye kuishi."

Nimemwonyesha Placide. Akasoma karatasi mara tatu, polepole.

"Kumbe haukukataa kunyonyesha?"

Mwaka mmoja na miezi nane, na leo ndiyo mara ya kwanza ananiuliza. Nikasema hapana. Akatoka, akasimama uani, katikati ya parcelle, mikono kichwani.

Jumapili, 20 Oktoba

Wamefika. Mama Ernestine na wajomba wawili wa Placide kutoka Makobola. Niko chumbani. Homa tangu asubuhi. Nimemeza mara mbili. Sijatapika.

Nasikia kila kitu. Mama Ernestine anasema mwanamke wa kulala mchana kutwa hajengi nyumba. Anasema mtoto atakwenda naye leo hii.

Placide: "Hapana, mama. Bibi yangu ni mugonjwa. Alitaka kufa akinizalia mtoto. Karatasi iko hapa: tezi yake ya kichwani, ndogo kama haragi, ilikosa damu, ndiyo maana maziwa yalifunga."

"Karatasi!" Mjomba mmoja anacheka. Eti kitu kidogo kama haragi kifunge maziwa ya muntu muzima?

Kiti kinasogezwa.

Placide ananiita. "Mama Upendo, kuja ubaelezee. Weye ni mwalimu."

Upendo amelala juu ya mguu wangu. Namuhamisha polepole. Nashika ukuta. Nasimama. Kalamu naiacha hapa, naenda kuwaelezea.