Glovu Nene Kabatini

Somanda, Bariadi
14 Februari

Kwako baba,

Shikamoo. Mwangaluka, na kwa mama, mayu wangu, pia. Naomba mguu wake uwe umepata nafuu, na mvua iwe imewafikia huko Nyalikungu. Mimi ni mzima. Ujumbe wako jirani yetu Bundala aliufikisha: nirudi Mwandoya, nimwombe radhi bwana Magese, nisaini karatasi yake. Sitasaini, baba. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatisha.

Unajua nilikuwa mtunza stoo katika shamba lake la pamba huko Mwandoya. Klementina alikuwa akichanganya dawa ya wadudu kabla ya kutiwa kwenye mabomba ya kupulizia. Wiki tatu zilizopita mikono ilianza kumtetemeka, mate yakamtoka, akaanguka kando ya pipa. Tukamleta hospitali hapa mjini. Bwana Magese akaandika kwamba Klementina alivua glovu kwa uzembe wake, akataka mimi nisaini kama shahidi. Hakuzivua. Tulimkuta nazo mikononi, hazina hata tundu.

Nilipomwambia hivyo alicheka. Akasema glovu isiyo na tundu haipitishi kitu. Akajaza maji glovu moja mbele ya vibarua wote, akaining'iniza, na kweli halikudondoka tone. Nikamwambia maji si dawa. Kesho yake nikatoa glovu mbili: moja nyembamba kama za wachanganyaji, nyingine nene, ndefu hadi kwenye kiwiko. Zote nikazitia dawa isiyochanganywa, nikazifunga, nikazining'iniza. Baada ya saa mbili nikaifuta kila moja kwa nje na pamba safi, nikatia kila pamba kwenye chupa yake yenye nzi. Nzi wa glovu nene waliendelea kuruka. Wa ile nyembamba walikufa wote, watu wakitazama.

Wa kwanza kusema alikuwa Malimi, mpuliziaji wa miaka mingi. "Scola," akaniuliza, "hiyo nene umeitoa wapi?"

Baba, hili hulijui. Msimu ulipoanza ililetwa pea moja tu ya glovu nene. Nilisoma kwenye boksi kwamba ndizo za dawa kali. Nikazifungia kabatini, nikawa nazivaa mwenyewe ninapopanga makopo. Klementina aliziomba mara mbili. Nikamwambia hazipo.

Nilimjibu Malimi hivyohivyo, mbele yao wote, nikarudia kwa afisa wa kazi aliyekuja kutoka mkoani. Bwana Magese alinifukuza siku ileile. Lakini vibarua waligoma kugusa pipa mpaka kila mchanganyaji apewe glovu nene. Siku nne pamba ililiwa na wadudu, ya tano glovu zikafika. Hilo sitalijutia, hata nikikosa kazi Simiyu nzima.

Klementina nilimweleza mimi mwenyewe. Aligeukia ukutani, siku mbili akakataa uji wangu. Jana alikubali nimlishe uji, maana vidole vyake bado havishiki kijiko. Hajanisamehe, na mimi simharakishi. Njoo umwone, baba. Ukishamwona, uniambie ni nani ninayepaswa kumwomba radhi.

Mpe mayu salamu zangu nyingi, na Rhoda mdogo wangu asome kwa bidii. Wabeja kwa kunisoma hadi hapa.

Binti yako asiyesaini,
Scola